Jina la Shangazi Bulisa

*Kikundi: Ukoo wa Babu Daudi*

Jumamosi

Trésor (Lubumbashi): Jambo familia. Nimetoka makaburi ya Wayahudi sasa hivi. Mlinzi amenisaidia kuosha jiwe la kaburi la Babu Daudi kwa maji na brashi laini bila sabuni, kama Tantine Zawadi alivyoagiza. Picha hizo.

*[picha 3]*

Zawadi (Dar): Mungu akubariki mwanangu. Hiyo ya tatu imepata mwanga wa ubavuni, herufi zinasomeka. Nipeni nusu saa.

Mama Neema (Kigoma): Mimi naona maandishi ya kizungu tu pale chini. DAVID, halafu jina letu la ukoo bila H. Mbona kwenye cheti cha marehemu baba lina H?

Zawadi: Na Waitaliano waliliandika kwa CH. Kila karani aliandika alivyosikia. Miezi minne nilikuwa namtafuta kwa H peke yake, simpati.

Baraka (Nairobi): Waitaliano tena? Si tunaambiwa babu alikuwa Mgiriki?

Zawadi: Lubumbashi walimwita Mgiriki, lakini alizaliwa Rhodes ikiwa ya Waturuki, na alipoondoka ilikuwa ya Italia. Ugiriki ilikichukua kisiwa kile 1947, babu yuko Kongo zamani. Nyumbani kwao walisema Kihispania cha kale, kwa sababu wazee wao walifukuzwa Hispania 1492.

Zawadi: Haya, jiwe. Herufi mbili za juu kabisa maana yake "hapa amezikwa". Chini yake: David ben Shelomo. Hiyo ben ni bin kama ya kwetu, kwa hiyo baba wa babu ni Solomoni, yaani Salomo. Kisha tarehe ya kalenda ya Kiyahudi, 10 Kislev, na mwaka wa herufi nne za Kiebrania, kila herufi ni namba: tav ni 400, shin 300, yod 10, zayin 7. Jumla 717. Ile elfu tano mara nyingi hawaiandiki. Ongeza 1240, unapata 1957.

Baraka: Basi ni 1957 ileile tunayoijua.

Zawadi: Siyo, mdogo wangu. Mwaka wao unaanza Septemba au Oktoba, na Kislev ni mwezi wa tatu tu. Babu alifariki katikati ya Novemba 1956.

Mama Neema: Jamani! Miaka yote misa ya kumbukumbu tunaihesabu vibaya?

Trésor: Nimemsomea bibi Bulisa. Anataka niandike maneno yake kama yalivyo: "Njo vile nilisemaka! Mvua ilikuwa njo inaanza, kaburi lote matope. Salomo akakatala, akasema kartasi iko na 57."

Zawadi: Shikamoo shangazi. Tusamehe. Baba yangu Salomo aliamini karatasi.

Trésor: Anasema marahaba, amewasamehe.

Zawadi: Sasa kaeni vizuri, nina jambo la pili, na shangazi asikie polepole. Yad Vashem kule Jerusalem wanakusanya majina ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, kama milioni tano, na mtu yeyote anaweza kutafuta bure kwenye intaneti. Mengine yamejazwa na ndugu zao kwa mkono, kila mtu na ukurasa wake wa ushuhuda. Nimepata ukurasa mmoja. Mwanamke wa Rhodes, mume wake Salomo, jina la ukoo ni letu kwa CH. Aliuawa kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz, 1944. Jina lake ni Bulisa.

Mama Neema: Bulisa???

Mama Neema: Mimi tangu utoto nilijua Bulisa ni jina la Kibemba.

Baraka: Inaweza kuwa bahati tu, dada. Pengine kisiwani kulikuwa na akina Bulisa wengi.

Zawadi: Walikuwepo, ndiyo maana sikusema kitu kwa wiki mbili. Lakini tazama desturi yao. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, binti wa kwanza jina la mama wa baba yake, hata kama wenyewe wako hai. Babu mtoto wake wa kwanza alimwita nani? Salomo. Binti wa kwanza? Bulisa. Na jiwe la leo linasema bin Solomoni. Mtu alikuwa Kongo, ameoa mwanamke wa Kongo, na watoto wake aliwapa majina ya wazazi wake sawasawa kama angewazaa Rhodes.

Baraka: Nimekuelewa.

Baraka: Na hawa binamu wa pili arobaini kwenye kipimo changu cha vinasaba?

Zawadi: Usiwahesabu hivyo. Watu wale walioana wao kwa wao karne nyingi, kwa hiyo wa mbali anaonekana wa karibu. Karatasi kwanza.

Trésor: Tantine, bibi anauliza mama huyo alikufa lini hasa.

Zawadi: Mwambie, mwanangu, na umshike mkono. Wajerumani waliwapakia kwenye mashua tarehe 23 Julai 1944, Wayahudi zaidi ya 1,600 wa Rhodes. Wakapelekwa bara kwa bahari, kisha treni. Walifika Auschwitz 16 Agosti. Waliorudi hai ni kama 150.

*[sauti, dakika 2:14]*

Trésor: Naandika, kwa wenye bando dogo. Bibi alikuwa na miaka saba hivi, vita vimeisha. Barua ilikuja. Baba yake alichana shati kifuani, akakaa sakafuni siku saba. Mama yao alipika bukari (ugali), hakugusa. Rafiki zake walikuja na mayai ya kuchemsha, hayo alikula. Bibi alidhani ni ugonjwa. Kila akipita, baba yake anamwita kwa jina, akienda hamtumi kitu.

Mama Neema: Yesu wangu.

Zawadi: Shangazi, yale yalikuwa matanga. Kwao mfiwa huchana nguo na kukaa chini siku saba, na huletewa mayai. Alikuwa anamlilia mama yake, na wewe ndiye uliyebaki na jina.

Mama Neema: Na mayai yetu ya Krismasi, ya kahawia, ya kulaza jikoni usiku kucha na maganda ya vitunguu?

Zawadi: Ni ya Rhodes, Mama Neema. Bibi yetu, mkewe, alifundishwa na babu.

Jumapili

Trésor: Bibi hakulala. Alfajiri amenitoa kwenye sanduku picha hii, msichana amesimama mlangoni. Nyuma kuna maandishi. Baba yangu alimpelekea mwalimu wa msikitini zamani, akasema si Kiarabu.

*[picha 2]*

Zawadi: Hizo ni herufi za Kiebrania za mwandiko wa haraka, wanaziita Solitreo. Nampelekea mzee mmoja anayesoma.

Zawadi: Amejibu! "A mi kerido ermano David." Kwa kaka yangu mpendwa David. 1937. Imeandikwa na Rika.

Trésor: Bibi anasema ndiyo, Rika! Baba yake alikuwa akitaja Rika akipiga pasi.

Zawadi: Nimemtafuta. Kwenye orodha ya waliochukuliwa Rhodes yupo, na majina ya wazazi ni yaleyale, Salomo na Bulisa. Ukurasa wa ushuhuda hana. Hakuna aliyemjazia.

Baraka: Sisi tunaruhusiwa?

Zawadi: Ndugu yeyote anaruhusiwa, na picha inawekwa. Fomu iko wazi hapa mbele yangu. Wanauliza anayetoa ushuhuda ni nani kwa marehemu.

Trésor: Bibi anasema andika: mtoto wa kaka yake. Na jina lake uliandike lote, usikate.