Urithi wa George W. Bush: mtu aanzie wapi kuutetea?

Msemaji wa Pili

Wakuu, heshima zenu. Kuna mdahalo na mada ni hii: "Januari 20, 2009, Bush aliondoka Ikulu ya Marekani akiwa ameifanyia Afrika mambo yanayostahili heshima." Nipo upande wa kuunga mkono, msemaji wa pili, dakika saba. Upepo naujua. Kura ya maoni ya mwisho ya Gallup ilimpa asilimia 34, na miezi michache kabla alikuwa ameshuka hadi 25, mtu huyohuyo aliyepewa 90 Septemba 2001. Ukitaja jina lake tu, ukumbi unakujibu Iraq kabla hujavuta pumzi. Nahitaji hoja zenye namba. PEPFAR, ule mpango wake wa kupambana na UKIMWI, niianze au niiweke mwisho? Na ile ya kumlinganisha na Rais Truman, aliyechukiwa akiwa madarakani na leo anasifiwa, ina uzito wowote?

Daftari la Hesabu

Mkuu, PEPFAR ianze, na uianze na hali ilivyokuwa kabla yake. Alipoitangaza bungeni kwao Januari 28, 2003, hotuba yenyewe ilisema Afrika kusini mwa Sahara ina watu karibu milioni 30 wenye virusi, zaidi ya milioni nne wanaohitaji dawa mara moja, na wanaozipata ni kama 50,000. Acha ukumbi uisikie hiyo 50,000 vizuri kabla hujaendelea. Aliomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano: watu milioni 2 watibiwe, maambukizi mapya milioni 7 yazuiwe, watu milioni 10 wahudumiwe, wakiwemo yatima. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote zilikuwa kwenye orodha ya nchi za kwanza.

Fedha iliyotoka kweli ilizidi ahadi, ikafika bilioni 18.8. Kufikia mwisho wa Septemba 2008, miezi minne kabla hajaondoka, waliokuwa kwenye dawa kwa msaada wa mpango huo walikuwa milioni 2.1. Waliopata huduma nyingine walipita milioni 10. Lengo la maambukizi milioni 7 usiliguse kabisa, kwa sababu kipindi kile halikuwa na kipimo cha kuaminika na mpinzani atakuuliza umehesabuje maambukizi ambayo hayakutokea.

Sasa pale wengi wanapoteleza, ambapo ni bei ya dawa. Usiseme Bush aliishusha. Dozi ya mwaka ilishuka kutoka kama dola 12,000 hadi chini ya 300 kwa nguvu ya viwanda vya India na wanaharakati. Cipla walitangaza dola 350 mwanzoni mwa 2001, Bush akiwa ndiyo kwanza ameapishwa. Zaidi ya hapo, PEPFAR ilianza kwa kugoma kununua dawa hizo za bei nafuu mpaka zipate kibali cha FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani. Njia ya haraka ya kibali ilifunguliwa Mei 2004, na kibali cha kwanza kilitoka Januari 2005 kwa Aspen ya Afrika Kusini. Katikati hapo fedha ziliishia kwenye dawa za makampuni makubwa kwa bei ya juu. Litaje mwenyewe kabla hujatajiwa, kisha eleza kilichofuata: mmoja wa wateja wakubwa kuliko wote duniani alianza kununua dawa zilezile za bei nafuu.

Kama unataka kitu ambacho ukumbi utakiona kwa macho, eleza kidonge chenyewe. Stavudine, lamivudine na nevirapine ndani ya kidonge kimoja, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mgonjwa wa chini ya kilo 60 alipewa chenye stavudine miligramu 30, aliyezidi hapo miligramu 40, na wiki mbili za mwanzo nevirapine ilianza kwa nusu dozi ili ngozi na ini vizoee. Kwa utaratibu huo, muuguzi mwenye mizani na daftari aliweza kuhudumia foleni ya CTC, kliniki ya wenye virusi, ambayo zamani ingemsubiri daktari. Stavudine iliwaletea watu ganzi miguuni na kuwakondesha uso, na mwisho wa 2009 WHO ikashauri iachwe. Lakini kwa mtu aliyekuwa anabebwa kwenye machela mwaka 2004, ilikuwa dawa ya kumwinua.

Jambo jingine: mada yako ina tarehe. Ile namba ya watu milioni 25 waliookolewa ni hesabu ya miaka mingi baadaye na inajumuisha kazi ya Obama na waliomfuata. Ukiisema kana kwamba ni ya 2009, umekwisha. Tumia utafiti wa Bendavid na Bhattacharya uliotoka 2009: kwenye nchi za mpango huo barani Afrika vifo vya UKIMWI vilipungua, na vifo zaidi ya milioni moja viliepukwa hadi 2007. Utafiti huohuo haukuona tofauti yoyote kwenye kiwango cha maambukizi. Sema yote mawili. Na kumbuka ile milioni 2.1 ni ya watu "waliosaidiwa", hivyo wamo ambao pia wamehesabiwa na Mfuko wa Dunia (wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria) na serikali zao.

Mlango wa Papa

Ndugu Msemaji, Daftari amekupa mali nzuri, ila ukisimama na hiyo peke yake mbele ya watu wa Mombasa au Lamu, hawatakusikiliza hata dakika mbili. Nakuomba usiliruke hili.

Silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu ya kuivamia Iraq hazikupatikana. Guantánamo ilifunguliwa Januari 2002, na siku anaondoka bado ilikuwa na wafungwa kama 240, wengi wao hawajawahi kufunguliwa shitaka. Watu walizibwa pumzi kwa maji kwa idhini ya serikali yake. Na kwetu hapa liko la karibu zaidi: Desemba 2006 Ethiopia iliingia Somalia kwa kuungwa mkono na Marekani, watu wakakimbilia mpaka wa Kenya, na mwanzoni mwa 2007 makumi ya waliokamatwa, wakiwemo wanawake na watoto, na Wakenya pia, walipakiwa kwenye ndege usiku wakapelekwa Somalia na kisha Ethiopia bila kupitishwa mahakamani. Nchi nzima haijasahau, sembuse pwani. Al-Shabaab nao walipata nguvu kutokana na uvamizi huo, na bili ya hilo Kenya inalipa mpaka leo.

Sasa kosa ambalo watetezi wa Bush hulirudia ni kuweka mzani: huku waliokufa Iraq, huku waliopona Afrika, halafu wanatoa jumla. Usithubutu. Kwanza idadi ya Wairaqi waliokufa inabishaniwa, hivyo utajikuta unapunguza maiti ili hesabu yako isimame. Pili, maisha ya mtu wa Basra hayalipiwi na maisha ya mtu wa Kisumu. Sema sentensi moja iliyonyooka: vita vya Iraq vilikuwa kosa kubwa, na hakuna nitakachosema leo kinacholifuta. Usiongeze "lakini" baada ya hapo. Vuta pumzi, ingia kwenye hoja yako.

La pili ni masharti. Sheria ya 2003 iliyoanzisha PEPFAR ilitaka theluthi moja ya fedha za kinga iende kwenye mafundisho ya kujizuia mpaka ndoa, na mashirika yalilazimishwa kutia saini kwamba yanapinga ukahaba. Matokeo yake, walioshughulika na wanawake wa madanguro na wa vituo vya malori, ambako maambukizi yalikuwa makali, ndio waliobanwa zaidi. Sheria ya 2008 ililegeza ile theluthi, na utafiti wa 2016 haukuona kwamba fedha za kujizuia zilibadilisha tabia ya watu. Ukiulizwa, kiri. Sehemu ya mpango iliyofanya kazi ni dawa.

Msemaji wa Pili

Nimewaelewa, shukrani sana. Mzani nilikuwa nimeuandika kabisa kwenye rasimu, nimeufuta. Je, malaria na zile fedha za Milenia, msaada wa Marekani wa miundombinu, zinaingia, au zitanimalizia muda?

Kivuko cha Feri

Zinaingia, hasa kama ukumbi ni wa Tanzania, kwa sababu watu wamezikanyaga kwa miguu yao.

Malaria kwanza. Mpango wake wa malaria ulitangazwa Juni 30, 2005: dola bilioni 1.2 kwa miaka mitano, lengo kupunguza vifo kwa nusu katika nchi 15. Tatu za mwanzo ni Angola, Tanzania na Uganda. Kwetu Hati Punguzo ilikuwepo tangu 2004 kwa fedha za Mfuko wa Dunia: mjamzito anapewa hati kliniki, anaipeleka dukani, anaongeza chake kidogo, anachukua chandarua. Fedha za Marekani ziliongeza hati ya mtoto mchanga kuanzia 2006. Udhaifu ulikuwa hapo kwenye "anaongeza chake kidogo", maana asiyekuwa nacho alirudi nyumbani na karatasi. Ndiyo maana Februari 2008, Bush alipofika kiwanda cha A to Z Arusha, kilichotangazwa ni vyandarua milioni 5.2 vya bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kwa ushirikiano na Benki ya Dunia na Mfuko wa Dunia. Vyandarua vya kiwanda kile dawa yake imo ndani ya uzi wenyewe, kwa hiyo mama hakuhitaji beseni na pakiti ya kuchovya kila baada ya miezi sita, kazi ambayo wengi waliisahau na chandarua kikabaki pazia.

Zanzibar ndiyo mfano wako bora. Dawa mseto za malaria zilianza 2003, kisha 2006 vikaja vyandarua na upuliziaji wa dawa ukoko kwenye kuta. Upimaji wa 2007–08 ulikuta vimelea kwa asilimia 0.8 ya watoto waliopimwa visiwani, wakati Bara ilikuwa 18. Usimpe Bush sifa yote: dawa mseto zilitangulia, na kazi ni ya Wazanzibari wenyewe. Na baadaye mbu waliizoea dawa ya kundi lile ikabidi ibadilishwe.

Fedha za Milenia: Bush na Rais Kikwete walisaini Dar es Salaam, Februari 17, 2008, dola milioni 698. Humo ndimo ilimotoka lami ya Tunduma–Sumbawanga na Tanga–Horohoro, uwanja wa ndege wa Mafia, upanuzi wa maji Ruvu Chini, na waya wa umeme chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, megawati 100. Aliyekuwa Unguja mwaka 2008 au ile miezi mitatu ya giza kuanzia Desemba 2009 hahitaji kuelezwa waya ule una maana gani. Ila angalia tarehe: waya ulizinduliwa 2013. Unachoweza kumpa Bush ni saini, fedha, na utaratibu wa kuipima nchi kwa vigezo kabla ya kuipa. Utaratibu huohuo ulitung'ata Machi 2016, awamu ya pili ya zaidi ya dola milioni 470 ilipositishwa kwa sababu ya uchaguzi wa marudio Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao.

Daftari la Hesabu

Kivuko kaniwahi. Nimalizie na Truman pamoja na mgawanyo wa dakika.

Truman achana naye. Kweli alishuka hadi 22 Februari 1952 na leo anasifiwa, lakini Nixon aliondoka na 24 mwaka 1974 na hakupanda. Mfano huo unaonyesha tu kwamba kura ya maoni haimalizi mjadala.

Mahali pake weka sheria ya Julai 30, 2008. Umaarufu wake ukiwa umekwisha, miezi sita kabla ya kufunga mizigo, alisaini nyongeza ya hadi dola bilioni 48 kwa miaka mitano kwa UKIMWI, kifua kikuu na malaria, iliyopitishwa na vyama vyote viwili. Hii ndiyo nguzo yako. Mgonjwa wa ARV akianza dozi haachi maisha yake yote, hivyo rais anayeanzisha dozi kisha akaondoka bila kumwachia mrithi wake sheria ya kuuendeleza mpango amemwacha mgonjwa njia panda. Yeye aliiacha.

Mpinzani mkali atakuja na utegemezi: Januari 2025 misaada ilipositishwa ghafla, kliniki zilitikisika. Jibu ni kwamba uamuzi huo ni wa aliyesitisha, na swali la kwa nini serikali zetu hazikuweka fungu la kutosha la ARV kwenye bajeti kwa miaka zaidi ya 20 ni letu kulijibu.

Amani ya Sudan, kati ya kaskazini na kusini, ipe nusu dakika, isizidi. Danforth aliteuliwa na Bush mjumbe maalumu Septemba 6, 2001, makubaliano ya Machakos yakafuata 2002, na mkataba wa amani ukasainiwa Nairobi Januari 9, 2005. Mpatanishi alikuwa Jenerali Sumbeiywo wa Kenya chini ya IGAD, jumuiya ya nchi za ukanda wetu na Pembe ya Afrika, Marekani ilisukuma tu kwa nyuma. Ukiirefusha utaulizwa Darfur, magharibi mwa Sudan, iliyokuwa inaungua wakati huohuo. Kama muda unabana, itoe.

Mgawanyo: nusu dakika kukiri Iraq na yale ya Mlango wa Papa. Dakika tatu PEPFAR, pamoja na kile kidonge. Dakika moja na nusu malaria na Milenia, chagua Zanzibar au waya, usichukue vyote. Nusu dakika Sudan. Dakika moja na nusu ya mwisho ni sheria ya 2008. Mbele ya kadi andika namba tatu tu, kwa kalamu nene: 50,000, milioni 2.1, bilioni 48. Zilizobaki ziwe nyuma ya kadi kwa ajili ya maswali, kila moja na mwaka wake pembeni.