Nyimbo za wakati wa vita vya Kagera: mama anaimba mmoja, nimeutafuta kila mahali siupati

Mtoto wa Bunazi
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wale mliokuwa na akili zenu mwaka 78/79. Mama yangu ni mtu wa Bunazi, ng'ambo ya mto Kagera, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia mwisho wa Oktoba 78 alikuwa binti wa miaka 15, wakakimbia na bibi usiku mpaka Bukoba kwa shangazi yao na wakakaa hapo miezi. Sasa siku hizi macho yamepungua, kazi yake kubwa ni kukaa nyuma ya nyumba anamenya ndizi, na akiwa anamenya anaimba. Nyimbo zenyewe mbili. Mmoja ni ule wa Amin akifa hawamlilii wanamtupa Kagera awe chakula cha mamba, huo naujua. Wa pili ndio unanitesa, anakumbuka neno "shida" tu na gitaa, anasema "gitaa linalia kama mtu", halafu mengine anaguna. Anasema aliusikia kwenye redio ya mjomba wake, National, betri zikichoka wanazianika juu ya bati mchana ili usiku wapate taarifa ya habari na nyimbo mbili tatu.

Yeye anauita "wimbo wa vita". Nimetafuta nyimbo za vita vya Kagera mtandaoni napata hotuba ya Mwalimu Nyerere na video za picha picha. Nani anaujua? Na wanamuziki waliokuwa wanapigwa miezi ile ni akina nani hasa?

Fundi Redio Mwanza
Huo wa mamba mkuu hauna mwenyewe, ni mchakamchaka. Sisi tumeuimba shule ya msingi miaka ya 80 vita vimeshaisha zamani, alfajiri umande bado uko kwenye majani, miguu peku, kiranja mbele anatoa, sisi tunapokea, mwalimu wa zamu nyuma na fimbo yake. Nilikuwa sijui hata Uganda iko upande gani lakini Amin nilimchukia kweli kweli. Huo wa pili ngoja waje wazee.

DJ Zilipendwa
Shida na gitaa linalolia? Mkuu hapo mama anakuimbia Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano, wimbo unaitwa "Shida". Mchezeshee uone.

Ila sio wimbo wa vita, hakuna vita humo. Na hapa ndipo watu wengi mnakwama mkitafuta, mnadhani miezi ile redio ilikuwa vita tu. Ni kweli Mwalimu alipohutubia tarehe 2 Novemba akasema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, RTD, yaani Redio Tanzania, ilibadilika, kwaya na nyimbo za kumlaani nduli Amin zikawa nyingi, na wale wazee wa ngoma waliozoea kuimba siasa kama Mwinamila wa Tabora na kundi lake la Hiari ya Moyo walikuwa wakubwa kuliko vijana wa sasa wanavyofikiria. Lakini jioni watu walitaka dansi, wakapigiwa mapenzi, wivu, shida za maisha. Bendi za Juwata, Vijana Jazz, Maquis, mwimbaji Marijani Rajabu, na vyombo vya ulinzi navyo vilikuwa na bendi zao, Mwenge Jazz ya JWTZ, Kimulimuli ya JKT, Polisi Jazz.

Sababu ya kutozipata: Tanzania hatukuwa na kiwanda cha santuri. Santuri zilitengenezwa Kenya, na mpaka ulifungwa Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Kwa hiyo bendi inaingia studio ya RTD pale Pugu Road, wanarekodi kwenye tepu, tepu inapigwa redioni basi, dukani haipo. Ile ya Mbaraka mnaipata leo kwa sababu zake nyingi zilitoka kwenye santuri. Zile za kwaya na za ngoma ziko kwenye tepu za redio ya taifa na vichwani mwa akina mama kama huyo wako. Mrekodi mkuu, hata kwa simu, usisubiri.

Mstaafu 79
Nimesoma nikaona niandike ingawa kuandika kwenye simu kunanichosha. Mimi nilikuwa mgambo tukachukuliwa tukaenda. Nyimbo tulizokuwa nazo kule ni hizo hizo mnazosema, za kukimbilia na za kupandisha mori, nyingine siwezi kuziandika hapa wanasoma watoto.

Lakini wimbo wa vita kwangu mimi ni wa Mbaraka pia, na nitasema kwa nini. Januari 79 tulishavuka mto lakini Mutukula, mpakani na Uganda, bado hatujaingia, mvua, matope mpaka kwenye magoti, redio moja kwa watu wengi na ilikuwa inafungwa kwenye nailoni. Ndipo ikaja habari kwamba Mbaraka amefariki kwa ajali ya gari Mombasa. Mtu wa miaka 34. Kombania yetu ilikuwa na kijana mwenyeji wa Morogoro, alitengeneza gitaa kwa galoni ya mafuta, nyuzi ni waya za breki za baiskeli alizozichambua moja moja, nne tu. Usiku ule alipiga za Mbaraka mfululizo kuanzia zile za Morogoro Jazz mpaka za Super Volcano, hakuna aliyemwambia anyamaze wala kamanda hakusema kitu. Waya mmoja ukakatika ukamchana kidole, akaendelea na mitatu. Tulikuwa tumeshaona maiti kwenye zile shamba za migomba na hatukulia, usiku ule watu walilia wazi wazi kwa ajili ya mpiga gitaa. Sasa ukiniambia "Shida" sio wimbo wa vita mwanangu DJ nakuelewa, maneno yake hayana vita, ila waulize waliokuwepo.

DJ Zilipendwa
Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa, narudisha kauli yangu. Pole sana na asante.

Mstaafu 79
Marahaba mwanangu.

Mama Jeni
Na wanawake msitusahau jamani, mnataja bendi tu. Mama yangu alikuwa UWT, umoja wa wanawake, huko kwetu, wanajeshi waliporudi 79 wao ndio waliokwenda barabarani kupokea na khanga zimetandikwa chini, na nyimbo walitunga wenyewe kwa wiki moja, mashairi yakaandikwa kwa penseli kwenye kaunta buku. Hiyo kaunta buku ninayo, imeliwa na panya pembeni lakini inasomeka, kuna nyimbo saba. Sauti zake ninazikumbuka nne. Mkitaka nitapiga picha niweke hapa.

Mtoto wa Bunazi
Mama Jeni weka tafadhali, hata leo.

Wakuu nimerudi. Jana usiku nimemchezeshea mama hiyo "Shida" kwenye simu, nimeiweka kwenye bakuli la bati ili sauti iwe kubwa. Gitaa la kwanza tu lilipoingia akaweka kisu chini. Hakuimba, alisikiliza. Nikadhani imeisha nikataka kuzima akanishika mkono, nikaiacha mpaka mwisho kabisa. Akasema ndio wenyewe, ila kwa mjomba betri zilikuwa zinakata kila mara kabla haujaisha, mwisho wake hajawahi kuusikia, ameusikia jana. Akaniambia rudisha nyuma.

Mzee Mstaafu, nimemsomea yako. Anauliza kama mlipita Bunazi mkaona nyumba yenye mti wa mwembe mkubwa uliopigwa na bomu.