Kuchonga ndege afanane na wa kweli: picha, aliyejazwa, ngozi ya makumbusho au ndege hai?

Patasi_Butu

Wakuu, salaam. Nimechonga ndege wa mapambo miaka kadhaa, wale ambao mtu anaangalia, anasema "huyu ndege", anapita. Sasa nataka nimchonge mdiria wa kweli, yule mdogo wa Ulaya na Asia, Alcedo atthis, kwa ukubwa wake halisi, sentimita 16 hivi. Mtu akimwona ashushe sauti asije akamrusha.

Jaribio la kwanza limeniaibisha. Nilikusanya picha ishirini mtandaoni, nikachonga kichwa kwa picha moja, bawa kwa nyingine, mkia kwa ya tatu. Nilipomaliza rangi nikamwonyesha rafiki anayefuatilia ndege. Akauliza: "Dume au jike?" Nikasema dume. Akacheka. Mdomo wa chini niliupaka rangi ya chungwa, kumbe huo ni wa jike. Wa dume ni mweusi juu na chini. Miguu nayo niliipaka giza-giza, kwa sababu picha pekee iliyoonyesha miguu vizuri ilikuwa ya kinda. Yaani nilichonga familia nzima ndani ya ndege mmoja.

Mnaofanya kazi hii mnaangalizia nini? Picha, video, vitabu vya kutambulia ndege, ndege aliyejazwa (aliyekufa, ngozi yake ikajazwa na kusimamishwa kama hai), ngozi za makumbusho, au ndege hai? Nianze na ipi, na ipi itanipotezea muda?

MzeeMsasa

Pole kijana. Ila kuchanganya dume na jike ni aibu ndogo, brashi inaifuta. Aibu isiyofutika ni ya umbo.

Mimi ilinipata kwa bata aliyejazwa. Niliazimwa, nikamweka mezani, nikampima kila upande kwa bikari, nikachonga wiki saba. Alipokamilika kila aliyemtazama alihisi kuna kitu hakijakaa sawa, lakini hakuna aliyeweza kusema ni nini. Nilikuja kugundua mwenyewe: miguu ilikuwa nyuma mno. Ndege aliyejazwa anashikiliwa na waya uliopita ndani ya mguu mpaka kwenye ubao, hata umwinamishe vipi haanguki. Ndege hai hana waya. Uzito wake usipokaa juu ya vidole, anaanguka kifudifudi. Aliyemjaza alikosea, nami nikaliiga kosa lake kwa uaminifu mkubwa.

Kwa hiyo ukimwangalizia aliyejazwa, ujue unachonga mawazo ya fundi aliyemjaza. Na hata fundi akiwa hodari, ngozi ikikauka inasinyaa kando ya jicho na pale mdomo unapoanzia, miguu inakonda kama njiti. Rangi ya miguu na mdomo huwa imepotea zamani, hiyo unayoiona imepakwa. Faida yake ni moja kubwa: unaweza kumzunguka. Mgongoni, chini ya mkia, bawa linapoingia ubavuni, huko wapiga picha hawafiki.

BintiTupa

Mzee shikamoo. La waya nakubali, lakini picha zisitupwe. Tatizo la mleta mada si picha, ni kwamba alizichagua kwa uzuri.

Mimi hupanga hivi. Kwanza namchagua ndege mmoja: dume, mtu mzima, msimu fulani. Picha yoyote isiyo ya huyo inaondoka, hata iwe nzuri vipi. Msimu si jambo la mzaha, bata dume wa mallard akibadili manyoya baada ya kuzaliana anafanana na jike kabisa, unamjua kwa mdomo tu. Macaulay Library ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, inakuruhusu kuchuja picha kwa jinsia, umri na mwezi, inaokoa siku nzima.

Halafu natafuta picha moja ya ubavu kabisa, iliyopigwa kutoka mbali kwa lenzi ndefu. Simu ikisogezwa karibu, kilicho mbele kinavimba. Kichwa kikielekea kwako kinakuwa cha bundi. Picha hiyo naichapa, kisha napima mdomo. Tuseme kwenye karatasi una milimita 52, na vipimo vya wataalamu vinasema mdomo wa kweli ni 40. Gawanya 40 kwa 52, unapata 0.77. Kila kipimo kingine kwenye picha hiyo kizidishe kwa 0.77. Bawa lililosoma 98 kwenye karatasi linakuwa 75. Hapo unachora ramani ya ubavu bila kukisia.

Sharti: mdomo uwe umelala sambamba na kamera. Ukielekea kwako hata kidogo unaonekana mfupi, na ndege wako mzima atatoka mkubwa kupita kiasi. Mimi nimewahi kukata gogo zima kwa hesabu ya namna hiyo.

Patasi_Butu

Dada, hii ya 0.77 nimeinakili ukutani. Ila upana je? Picha ya ubavu hainiambii kichwa ni kipana kiasi gani.

Kigongota

Hapo ndipo ngozi za makumbusho zinapoingia. Makumbusho mengi ya viumbe hutunza ndege waliokaushwa wakiwa wamelala chali kwenye madroo, pamba tumboni, pamba machoni, miguu imefungwa pamoja na kibandiko cha tarehe na jinsia. Ukiandika barua ya adabu na kueleza kazi yako, baadhi ya makumbusho hukuruhusu kupima. Nilipata saa mbili na mdiria watatu na sijawahi kujifunza zaidi kwa saa mbili.

Usipime mwili, huo ni umbo la pamba. Shingo imekunjwa, haina maana. Pima vitu vigumu: mdomo urefu, kina na upana pale unapoanzia, kipande cha mguu kati ya kifundo na vidole, bawa lililokunjwa, mkia. Halafu angalia buluu. Buluu ya mdiria haitokani na rangi ya kupakwa bali na muundo wa unyoya unaovunja mwanga, ndiyo maana inadumu kwenye ngozi ya miaka mingi wakati miguu imegeuka kahawia. Nilimgeuza taratibu chini ya taa: kijani, buluu, kijani tena, mgongo huohuo. Ndiyo maana picha kumi zina buluu kumi na zote ni za kweli.

Kwa mabawa, Makumbusho ya Slater ya Chuo Kikuu cha Puget Sound yameweka mtandaoni picha za mabawa yaliyokunjuliwa. Yanakufundisha kuhesabu. Ndege wengi wana manyoya marefu ya ncha ya bawa kati ya 9 na 11, na mkiani wengi wana 12. Lakini bawa likikunjwa, yale ya ncha yanaingia chini ya yale ya ndani na unaona ncha chache tu. Anayeanza akishajua kuna kumi anayachonga yote kumi yaonekane, bawa linakuwa kama chanuo.

MzeeMsasa

Marahaba binti. Niongeze kwa Kigongota: manyoya yanalaliana kama makuti. Ya mbele hulalia ya nyuma, mkiani mawili ya katikati yako juu ya mengine. Ukikosea mlalo huo, hata mtoto atahisi, ingawa hatajua kusema.

Njiwa_wa_Darini

Nyote mna makumbusho na madroo. Mimi nina njiwa dirishani. Na nasema wazi, bila kuangalia ndege hai hivyo vipimo vyote vitakupa maiti iliyopimwa vizuri.

Juzi nilikaa na daftari dakika arobaini. Njiwa yuleyule: kwenye baridi ya asubuhi alijitutumua akawa mpira, shingo hakuna, miguu imezama kwenye manyoya. Paka akapita chini. Kwa kufumba na kufumbua akawa mwembamba, shingo ndefu, manyoya yamebana. Vipimo vya mifupa havijabadilika hata milimita, ila hao ni ndege wawili. Mchongaji lazima aamue kabla ya kushika patasi: huyu ametulia au ameshtuka? Ukichukua kifua cha aliyejitutumua na shingo ya aliyeshtuka, umerudia kosa la dume na jike kwa njia nyingine.

Huna mdiria karibu, sawa, tazama video. Isimamishe kipande kwa kipande wakati anageuza kichwa au anatua. Michoro yangu ni mibaya, simwonyeshi mtu, lakini mkono ukishachora mgongo mara hamsini unaujua gizani.

BintiTupa

Hilo la hali ya ndege nakubali kwa mikono miwili. Mimi nalifanyia kazi kwa udongo. Kabla ya mti, naumba ndege wa udongo haraka, bila manyoya, nauzungusha mkao mpaka asimame bila kuonekana ataanguka. Udongo unasamehe, mti hausamehi.

Kigongota

Tahadhari moja kabla mtu hajaenda kuokota ndege aliyekufa. Marekani, sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 inakataza kuwa hata na unyoya ulioanguka wenyewe wa ndege wanaolindwa, bila kibali. Nchi nyingine zina zake, uliza kwanza. Pia mafua ya ndege hayachagui mchongaji. Usimshike kwa mikono mitupu.

Vitabu vya kutambulia ndege mmevisahau. Ni vizuri kwa mabaka, jinsia na umri. Kwa umbo havifai, wote wamechorwa ubavu, mwanga mmoja, wamenyooka kama askari kwenye gwaride.

Patasi_Butu

Nimeelewa. Nimeshatupa picha kumi na nne, zimebaki sita za dume. Nimeandikia makumbusho kuomba kupima. Mdiria wangu atakuwa ametulia, amejitutumua kidogo, anaangalia maji. Vidole navyo nimevigundua kwenye picha iliyokuzwa: viwili vya mbele vimeungana sehemu kubwa ya urefu wake. Wa kwanza nilimchonga vidole vitatu vimetawanyika kama vya kuku!

Swali la mwisho: macho ya kioo nichukue ukubwa gani?

MzeeMsasa

Pima tundu la jicho kwenye picha, zidisha kwa uwiano wa picha yako, uupate kwa mdomo kama binti alivyopata ile 0.77. Kisha chukua kioo kikubwa kidogo kuliko hapo, kwa sababu kope hufunika ukingo. Kikilingana na tundu kitaonekana kimedondokea ndani. Toboa pande zote mbili kabla ya kuchonga uso, mtazame kutoka juu kisha kutoka mbele. Jicho moja likiwa mbele ya jingine, ziba kwa pati na utoboe upya siku hiyohiyo, usisubiri mpaka umalize manyoya ya shavuni.