Mzee anasema santuri yake "siyo yenyewe". Masikio yamechoka au kuna namna? Naombeni ushauri

Kahawa Mbichi (mleta mada):
Wakuu, habari za jioni. Sitawachosha. Mzee wangu ana miaka 77, tuko Machame, na mimi ndiye ninayekaa naye. Miaka ya sabini alisoma Toronto, akarudi na santuri moja tu ya maana: ile ya 1969 ya bendi iitwayo The Band, jalada la kahawia, wanaume watano wamesimama kama waliopotelewa na ng'ombe. Kila Jumapili tukitoka ibadani lazima ipigwe. Utotoni niliichukia hadi nikawa najificha migombani.

Mwezi huu nimeisikiliza kwa utulivu kwa mara ya kwanza, na nakiri nilikuwa mjinga. Ule wimbo wa mwisho kumbe ni mkulima: ukame, ghala limeungua, farasi amepata kichaa, tumaini lake lote liko kwenye chama cha wafanyakazi. Ndiyo maana mzee, aliyehangaika na kahawa na ushirika maisha yake yote, huwa hasemeshwi ukifika hapo.

Sasa tatizo. Jumapili mbili mfululizo, tukigeuza upande wa pili, hamalizi hata wimbo wa pili. Ananyanyua mkono: "Zima. Hii siyo yenyewe." Halafu chakula hali. Sikio la kushoto lilishapungua siku nyingi. Je, ni masikio, ni kumbukumbu, au nimpeleke hospitali?

Siti ya Nyuma:
Nimekaa pale nimetulia. Endelea mkuu.

Mama Kibarazani:
Mwanangu, umri huo mtu anaombewa, hapigiwi miziki ya dunia. Mkalishe umsomee Zaburi. Marehemu mume wangu naye alikuwa na ugonjwa huo, yeye Jim Reeves. Krismasi nzima nyumba inalia Jim Reeves, watu hawawezi hata kuongea. Alipofariki nikampa shemeji santuri zote, nikasema nipumzike. Mpaka leo Desemba ikifika natega sikio kwa jirani.

Dokta Redio:
Hospitali siijui, ila santuri hiyo naijua, kwa hiyo nitajibu ninachokijua. Mzee wako alikuwa mahali penyewe. Wanne kati ya hao watano ni Wakanada, na walikomaa kwenye baa za Toronto wakimpigia mwimbaji Ronnie Hawkins kabla dunia haijawajua. Wa tano, Levon Helm, mpiga ngoma, ametoka Arkansas. Sehemu kubwa ya albamu hawakuirekodi studio. Walikodi nyumba ya mwimbaji Sammy Davis Jr. kule Los Angeles, wakajifungia kwenye kibanda cha bwawa la kuogelea. Ndiyo maana ngoma zinasikika kama mtu anapiga chumba cha pili hapo nyumbani kwako.

Unayetaka kuisikia upya, anza na wimbo wa pili upande wa kwanza. Kila mtu kaacha kazi yake: mpiga piano Richard Manuel yuko kwenye ngoma, Helm kashika mandolini, mpiga besi Rick Danko anapiga fidla. Besi je? Hakuna gitaa la besi! Ni tuba, tarumbeta lile kubwa, analipuliza prodyuza John Simon. Halafu kwenye wimbo wa tano kuna kitu kinaguguma kama chura wa masika. Siyo chura, ni Garth Hudson na kinanda cha umeme alichokipitisha kwenye pedali ya gitaa.

Ule wa treni nao, ambao watu huimba bila kujua wanaimba nini, ni kilio cha mtu maskini wa upande ulioshindwa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, upande uliokuwa ukitetea utumwa. Mwimbaji Joan Baez aliurudia 1971 ukampa umaarufu mkubwa, na maneno mengine aliyakosea kwa sababu alijifunza kwa kusikiliza santuri. Kwa hiyo hata wakubwa husikia vibaya, mwambie mzee asijali.

Swali moja. Karibu na lebo, pale pasipo na mifereji, kuna herufi zimechorwa kwa mkono. Yako inasomekaje?

Kahawa Mbichi:
Asante Dokta. Herufi sijaziangalia vizuri. Ila ni ile ile ya siku zote.

Mkulima wa Same:
Hapo "ya siku zote" umeteleza, mkuu. Mtu asikilize kitu kimoja Jumapili za miaka arobaini na kitu, leo tu akikatae? Funguka. Hatukujui hapa.

Kahawa Mbichi:
Sawa. Inayopigwa sasa ni nakala mpya, kaniletea jamaa aliyetoka Canada. Ile ya mzee iko kwenye boksi chini ya kitanda changu. Kuna Mjerumani ameipenda, laki tatu, nusu ameshatuma. Inaondoka Jumatatu.

Kabla hamjanishukia: nyimbo ni zile zile 12, mpangilio ule ule, jalada lile lile. Na pesa sijanywea. Nimelipia hiyo mpya na nikanunua sindano mpya ya gramafoni, maana ya zamani ilikuwa kama msumari. Nani amepoteza hapo?

Kachumbari:
Nicheke kwanza. Umeuza santuri ya mzee ili umnunulie mzee santuri.

Dokta Redio:
Herufi ni RL, siyo? Ni za Robert Ludwig, fundi aliyechonga chapa za mwanzo. Huyo Mjerumani anajua anachokitafuta.

Kahawa Mbichi:
Ndiyo swali la kwanza aliloniuliza.

Mkulima wa Same:
Mzee amegunduaje? Maana umesema sikio moja limekwisha.

Kahawa Mbichi:
Ile ya zamani inaruka. Upande wa pili, wimbo wa pili, ule usio na ngoma, babu anamwambia rafiki yake baharia warudi kwao Virginia. Ikifika hapo sindano inaruka, na mzee huwa anagonga mkono wa kiti mara mbili, ko-ko, ndipo wimbo unaendelea. Tumekua tukidhani ndivyo ulivyotungwa. Hii mpya hairuki. Anagonga, inapita tu.

Mama Kibarazani:
Na huyo mzungu anajua kuwa inaruka?

Kahawa Mbichi:
Hakuuliza.

Mama Kibarazani:
Mwanangu!

Kahawa Mbichi:
Aliuliza kama ni safi. Nimeisafisha.

Siti ya Nyuma:
Naomba nisimame kidogo. Wakuu, hii ni chai, tena ya rangi. Machame kuna santuri mbili za bendi ambayo hata redio hazipigi. Mjerumani anatuma nusu kwa mtu asiyemjua. Mzee hasikii, lakini anasikia. Na kila mkibana anatoa kipande kingine kama mchezo wa redio. Picha au uzi ufungwe.

Kachumbari:
Naunga mkono. Wiki iliyopita kuna mwingine alitulilia hapa kuhusu mbuzi wa mahari, kumbe anatunga tamthilia.

Kahawa Mbichi:
Picha siweki, jina la mzee limeandikwa kwenye jalada.

Siti ya Nyuma:
Wenye chai hawajawahi kuwa na picha.

Mama Kibarazani:
Hata kama ni chai, mimi nimeshalia. Aliyepewa zile za Jim Reeves kaziuza, nimepigia simu shemeji leo.

Dokta Redio:
Chai au siyo chai, kuna jambo la kiufundi mmeliruka. Wakati mwingine sindano iliyochakaa ndiyo inayoruka. Mleta mada, fungua boksi, ipige ile ya mzee kwa sindano mpya. Ikiruka, mrudishie Mjerumani pesa yake. Isiporuka, angalau hutakuwa umemdanganya.

Kahawa Mbichi:
Nimetoka kuijaribu sasa hivi. Haikuruka. Mzee alikaa ametega lile sikio zima, wimbo ukafika pale, akagonga ko-ko, ukapita kama maji. Akangoja kidogo. Akasema, "Nayo siyo."

Mkulima wa Same:
Sindano ya zamani uliitupa wapi?

Kahawa Mbichi:
Kopo la misumari, stoo. Naitafuta kwa tochi ya simu.