Besi: nipeleke kwa fundi ikasetiwe au nijifundie mwenyewe?

BesiMaweni (Malindi):
Salaam wadau. Nimechukua besi, lile gita la sauti nzito, ya mkono wa pili, nyuzi nne, skeli (urefu wa uzi unaolia) ile ya kawaida ya inchi 34, rangi hata haijachubuka lakini kuipiga ndio kazi. Nyuzi ziko juu, nimeweka rula kwenye freti ya 12 (freti ni vile vichuma vya kukingama shingoni) napata kama milimita 4 upande wa E, uzi mnene, nyimbo mbili tatu tu vidole vyawaka. Na nikipanda kupita freti ya 7 sauti yatoka kali kidogo, yaani juu ya noti yake, na hali uzi mtupu nimeutyuni sawa. Kuna fundi Mombasa ataka elfu nne, nyuzi mbali nauli mbali, na besi yenyewe nimeinunua elfu kumi na tano. Nitoe, au niangalie video nijifundie, au niuze nichukue nyingine? Nina harusi za kupiga, msinizungushe.

MpigaHotelini:
Elfu nne kwa besi ya kumi na tano? Hapana bwana. Setapu ni kunyoosha shingo, kushusha nyuzi, intonesheni (noti zikae sawa shingo nzima) na urefu wa pikapu zinazonasa sauti, yote ni skrubu tu. Kaazime fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, kwa fundi magari yeyote, ile anayopimia tapeti. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, halafu pima mwanya kwenye freti ya 8. Mwongozo wa Fender wasema kama 0.35 mm. Ukiwa mkubwa kaza trasi rodi, ule ufito wa chuma ndani ya shingo, robo mzunguko tu, tyuni tena, upime tena. Angalia aleni, ule ufunguo wa pembe sita, isiwe ya saizi jirani, gita nyingi za Marekani ni inchi na za Asia nyingi ni milimita, ukiua kichwa cha rodi hapo ndio utajua gharama ni nini.

DadaWaShela (Lamu):
Mimi nakataa hiyo hesabu ya bei ya besi. Besi rahisi ndiyo yahitaji setapu zaidi, maana kiwandani hakuna aliyekaa nayo kuiweka sawa. Hiyo sauti kali ni kwa sababu uzi uko juu, ukiubonyeza mpaka ufike kwenye freti unauvuta, ukivutika wapanda. Napiga taarab, nimeweka nyuzi bapa, zavuta shingo kuliko zile nilizotoa, ikabidi isetiwe upya yote. Na wewe wa video hujui skrubu za sado, vile vichuma vinavyobeba nyuzi kwenye daraja, zikila chumvi ya bahari zinakuwaje, fundi wangu alizitia mafuta kidogo kidogo kwa ncha ya sindano akaziacha zilale, kesho yake ndio akazigusa. Mwenye haraka angevunja.

Mkunguni_besi (Lamu):
Jirani yangu seremala, achonga milango, asema hizo njia za nyuzi pale kwenye nati, kile kipande cha mwisho wa shingo kabla ya freti ya kwanza, yeye azishusha kwa msasa bure. Akimaliza ya kwangu nikutumie namba yake?

DadaWaShela:
Yakhe usimpe!! Mlango na nati ni vitu viwili. Njia ikizidi kina uzi mtupu utapiga kelele kwenye freti ya kwanza na hakuna kurudisha, ni kununua nati nyingine. Kila uzi una tupa yake ya unene wake.

nyuziNne:
Mbona hakuna aliyeuliza nyuzi ni za lini? Nyuzi kuukuu zenye kutu hazishiki intonesheni hata aje nani. Weka mpya kwanza, unene wa 45 mpaka 105 (elfu za inchi), ndio ulinganishe noti ya freti ya 12 na ile hamoniki ya hapo hapo, ya kugusa uzi tu bila kuubonyeza. Ikiwa ya kubonyeza iko juu, rudisha sado nyuma, ikiwa chini sogeza mbele. Urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12, wengi wapenda kama milimita 2.5 upande wa E na 2 upande wa G, uzi mwembamba. Kuuza ni kuhamisha shida tu, hiyo nyingine nayo itataka kusetiwa.
Halafu pwani hii setapu haidumu kama watu wanavyodhani. Kaskazi kavu ikipita masika ikaingia, mbao zinacheza. Utamlipa fundi kila msimu? Mlipe mara moja, kaa pale pale umtazame mikono, shingo na sado utafanya mwenyewe baadaye. Nati na freti muachie.

BesiMaweni:
Nimerudi. Fila geji nimepata, 0.8 yaingia na haigusi uzi! Nimekaza robo, nikapima, nikakaza robo tena, sasa iko 0.4 na kwenye freti ya 12 nyuzi zimeshuka, naona tofauti kwa mkono. Lakini noti za freti ya kwanza na ya pili bado kali.

nyuziNne:
Bana uzi kwenye freti ya 3, chungulia juu ya freti ya kwanza. Upenyo wa karatasi watosha.

BesiMaweni:
Ya kwangu kadi ya simu yapita. Basi ni nati. Nimempigia fundi, kwa nati peke yake elfu moja mia tano, nampelekea kabla ya harusi.

MpigaHotelini:
Hiyo sawa, hapo sibishani.

DadaWaShela:
Mpelekee na zile nyuzi mpya utakazopigia, tupa azichague kwa unene wake. Na kwenye basi usikubali waitie kwenye buti chini ya magunia, pakata mwenyewe.