Samaki mwindaji kwa tangi la lita 240: nimchague yupi?

Mkazi wa Pasiansi:
Habari zenu, ndugu zangu. Nina tangi la kioo sebuleni lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kimo cha 45, yaani lita 240 na ushei. Samaki wadogo wa rangi waliokuwamo nimeshawagawa, kwa kuwa sasa ninatamani samaki mwindaji, anayenyemelea na kukamata chakula chake mwenyewe. Kijana mmoja wa Igombe, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, ameahidi kuniletea kifaranga cha sangara chenye urefu wa kidole. Je, kitafaa?

Mvuvi Mstaafu:
Ndugu, mwambie kijana huyo amwache sangara ziwani. Kanuni za uvuvi haziruhusu kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, kwa hiyo huyo wa kidole ni haramu hata kabla hajafika mlangoni kwako. Isitoshe, sangara anaweza kukaribia mita 2 na kilo 200, na katika upana wa sentimita 45 atashindwa hata kugeuka angali kijana. Kambale na kamongo nao hupita mita moja, na kambale akiona kifuniko kimelegea, utamwokota sakafuni asubuhi.

Mama Akili wa Nyakato:
Mimi nilianza na oska, samaki wa Amerika Kusini ambaye hufikia sentimita 30 hivi. Ni mwerevu, humtambua anayemlisha, lakini anachafua maji kiasi kwamba nilikuwa nikibadilisha theluthi moja kila wiki na bado chujio lilizidiwa. Mwishowe nilimpa mtu mwenye tangi kubwa zaidi. Kwa tangi lako ningechukua Altolamprologus compressiceps wa Ziwa Tanganyika, ambaye hazidi sana sentimita 15. Mwili wake ni mwembamba kama ubao uliosimamishwa, hivyo hupenya kwenye nyufa za mawe akiwatafuta kamba wadogo na vifaranga vya samaki wengine, na hiyo ndiyo namna ya kuwinda unayoitaka. Anakua polepole mno. Ukikosa subira utadhani amedumaa.

Mkazi wa Pasiansi:
Ahsante, mama. Na wale furu, samaki wadogo wa humu humu Ziwa Victoria, hasa wale wanaokula samaki wenzao?

Mvuvi Mstaafu:
Walikuwapo wengi wa aina hiyo, lakini sangara walipoongezeka sana katika miaka ya 1980 furu wengi walitoweka, na waliobaki ni vigumu kuwatofautisha wakiwa wadogo, kwa hiyo unaweza kumlea mla konokono ukidhani ni mwindaji. Ninaunga mkono pendekezo la mama. Huyo wa Tanganyika anahitaji maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha uasidi wa maji, ambapo 7 ni katikati) inayozidi 8, basi pima ya kwako kwanza, panga mawe yenye mapango, na maji ya bomba uyaache siku nzima klorini ipungue.

Mama Akili wa Nyakato:
Niongeze kuhusu chakula: usimpe samaki hai wa kuokoteza, kwa maana huingiza vimelea tangini, wala nyama ya ng'ombe, ambayo mafuta yake hayamsagiki vizuri. Kamba wadogo waliogandishwa kisha kuyeyushwa wanatosha. Nunua pia pampu ya hewa inayotumia betri, maana umeme ukikatika usiku kucha chujio husimama, na mwenye nyumba huwa amelala.