Adapta ya ISDN "inafanya kazi": wiki tatu zimeniishia chini ya meza ya mjomba

Wakuu, salamu zitakuja baadaye. Nina hasira tangu Ijumaa, na nisipoziandika hapa nitamtukana mtu asiyehusika. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa modemu za zamani. ISDN, yaani laini ya simu ya kidijitali, si modemu, na nusu ya mateso yangu yametoka kwa watu wanaodhani ni kitu kimoja.

Kisa chenyewe. Mjomba wangu yuko Hamburg, Ujerumani, tangu enzi za Kansela Kohl. Ana uwanja mdogo upande wa Billstraße, anakusanya injini, gia boksi na matairi yaliyotumika, kontena likijaa linakwenda Dar au Mombasa. Stoo na ankara zake zote ziko kwenye programu aliyoandikiwa na jirani yake mwaka 1997. Programu inaishi kwenye Windows 98, na ukibonyeza kitufe kimoja ankara inaondoka yenyewe kwa faksi kupitia kadi ya ISDN iliyomo ndani ya kompyuta. Msinicheke. Wakala wake wa forodha ni mzee wa Kijerumani asiyegusa karatasi ambayo haikutoka kwenye faksi, na kwa nchi hii wapo wengi wa aina yake.

Desemba madabodi ikafa. Kapasita zimevimba kama maandazi, moja imeshavuja. Nikamtafutia mashine nyingine ya zamani, Pentium III, nikahamisha diski, programu ikafunguka, mjomba akafurahi. Ila kadi yake ya ISDN ni ya ISA, zile sloti ndefu nyeusi, na madabodi hii ina PCI tu. Ikabidi nitafute kadi ya PCI.

Nikaipata mtandaoni, yuro 25. Tangazo linasema: imejaribiwa, inafanya kazi, na CD na waya wake vipo. Muuzaji simtaji, hata jina lake halisi silijui, lakini naomba mjue kwamba niliuziwa mbuzi kwenye gunia.

CD ilikuwepo, kweli. Draiva za Windows XP peke yake. Nikampigia, akaniambia kwa utulivu kabisa: "Kwangu inafanya kazi." Kwako una nini? "XP." Nikaenda kwenye tovuti ya waliotengeneza kadi. Ukurasa wa draiva za Windows 95 na 98 umefutwa wote, pameandikwa kwamba bidhaa haihudumiwi tena. Sawa, msiihudumie, lakini faili la megabaiti tatu linawapunguzia nini mkiliacha lilipo? Kadi ni nzima, dhahabu kwenye meno yake bado inang'aa, inageuka takataka kwa sababu mtu alikuwa anasafisha seva. Nikawaandikia barua pepe mbili. Ya kwanza wakanijibu nisome maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Ya pili hawakujibu.

Draiva niliipata baada ya siku nne, kwenye nakala ya tovuti yao ya zamani iliyohifadhiwa na Internet Archive. Ikaingia. Kidogo nishangilie. Nikafungua programu ya mjomba: "CAPI haipatikani."

Hapa niwaeleze wasioijua. CAPI ndiyo mlango ambao programu ya faksi inagonga ili iongee na kadi. Bila CAPI, Windows inaweza kuiona kadi vizuri kabisa, alama ya njano haipo, na bado huna kitu. Na milango yenyewe ni miwili: programu za biti 32 zinatafuta capi2032.dll, za biti 16 zinatafuta capi20.dll. Programu ya mwaka 1997 ya jirani wa mjomba ni ya biti 16. Kwenye kusakinisha kulikuwa na kisanduku kidogo cha kuruhusu programu za zamani, hakijawekewa tiki, na hakuna mahali popote palipoeleza ni cha nini. Nikasakinisha upya, nikaweka tiki, ikakubali. Jioni nzima imekwenda kwa tiki moja.

Kisha ikaja namba ya kosa 0x3301. Aliyeshughulika na ISDN kwenye Windows namba hii anaiota usiku. Maana yake ni hitilafu ya tabaka la kwanza, yaani waya, umeme, soketi, kabla hata hujafika kwenye namba ya simu. Nikachomoa na kuchomeka. Nikahamisha kadi sloti tatu tofauti. Nikaenda kwenye BIOS, mipangilio ya awali ya kompyuta, nikazima COM2, tundu la pili la siriali, ili IRQ 3 (namba ambayo kifaa huitumia kuiita prosesa) iwe huru, maana kadi ilikuwa inagawana IRQ na kadi ya sauti, na kompyuta ilikuwa inaganda mziki ukilia. Hilo la kuganda likapona. 0x3301 iko palepale inanitazama.

Nikauliza kwenye kundi moja la mafundi, wote wakaimba wimbo mmoja: kadi mbovu, badilisha kadi. Mmoja akasema ninunue ya nje, ile ya kuchomeka kwenye tundu la siriali. Ndugu yangu, tundu la siriali la kompyuta hizi mwisho wake ni biti 115,200 kwa sekunde, wakati chaneli mbili za ISDN zikiunganishwa zinatoa 128,000. Na ukikuta mashine ina chipu ya siriali ya zamani, 8250, badala ya 16550, haina hata bafa ya kushikilia herufi, zinamwagika njiani. Kwa faksi pekee ingetosha, sikatai, lakini programu ya mjomba haiongei na siriali. Inaongea na CAPI tu. Nilishaandika hivyo kwenye swali.

Siku ya kumi na moja, saa tano usiku, nimelala chali chini ya meza, tochi ya simu mdomoni. Nikashika plagi ya waya uliokuja na kadi nikaisogeza karibu na jicho. Plagi ni ile pana ya pini nane, inaingia kwenye soketi ya ISDN na kutulia "tak", vizuri kabisa. Nikahesabu vipande vya shaba vinavyong'aa ndani ya plastiki. Viwili. Nikahesabu tena. Viwili, namba 4 na 5. ISDN upande wa ndani ya nyumba inatumia nyaya nne, pini 3, 4, 5 na 6, jozi moja ya kutuma na jozi moja ya kupokea. Ule ulikuwa waya wa DSL, yaani wa intaneti ya laini ya simu. Kwa nje ni pacha wa waya wa ISDN, rangi ileile ya kijivu. Nikachukua waya wa mtandao wa kawaida, ule wenye nyaya zote nane, uliokuwa nyuma ya printa. Nikachomeka. 0x3301 ikatoweka kana kwamba haijawahi kuwepo.

Nilibaki pale chini dakika kama tano, sisemi kitu.

Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu abadilishe kadi, mwambie kwanza atazame plagi. Kama una maltimita, chomoa vifaa vyote upime kila jozi kwenye soketi: laini ya ndani inatakiwa iwe na rezista ya omu 100 kila mwisho, kwa hiyo kipimo kinakaribia omu 50. Ukipata 100, mwisho mmoja hauna rezista. Ukipata 33, kuna mtu kaongeza ya tatu. Kwa waya mfupi itafanya kazi hata ukikosea, lakini nyumba yenye soketi tano na vyumba vitatu itakusumbua usiku na mchana. Kwa mjomba ilisoma 51, nikashukuru Mungu kwa hilo moja.

Tukafika kwenye kampuni ya simu. Hawa ndio wamenifanya nifungue uzi.

Laini ya mjomba ilikuwa ISDN halisi: chaneli mbili za B za kilobiti 64 kila moja, chaneli ya D ya kilobiti 16 kwa ajili ya kupigiana ishara, na kile kisanduku cheupe cha NTBA ukutani. Ujerumani walianza kuuza ISDN mwaka 1989, nchi ikajaa, hata kwa vinyozi. Kisha wakaanza kuing'oa na kuhamishia kila mtu kwenye IP, yaani simu kupitia intaneti. Waingereza wenyewe wameahirisha kuzima kwao hadi Januari 2027, Wajerumani walishamaliza kitambo. Fundi alipokuja kwa mjomba alibandua NTBA, akaweka ruta yenye tundu la vifaa vya ISDN lililoandikwa S0, akasema: "Vifaa vyako vyote vya ISDN vitafanya kazi kama kawaida." Mjomba akasaini.

"Kama kawaida" hiyo sasa. Faksi zikatoka, ila haziingii. Kumbe zamani laini ilikuwa inapeleka namba ya mjomba bila 040 ya Hamburg, na programu ilikuwa inasubiri namba fupi. Ruta hii inapeleka namba na 040 yake. Programu inaona namba isiyoijua, inanyamaza. Hakuna kosa, hakuna ujumbe, simu inaita hewani. Nikaandika namba ndefu kwenye sehemu ya MSN, yaani namba ya simu ambayo programu inaipokelea, zikaanza kuingia. Huduma kwa wateja walinipiga danadana siku mbili kwa jambo la tarakimu tatu.

Faksi ndefu nazo zikawa zinakatika ukurasa wa pili. Hili nalielewa: faksi imefungwa ndani ya pakiti za IP, pakiti ikipotea mashine mbili zinaanza kubishana. Nikashusha kasi kutoka 14,400 hadi 9,600, nikazima ECM, ule utaratibu wa faksi wa kusahihisha makosa, sasa kurasa zinafika, mara nyingine na mstari mweusi katikati. Wakala wa forodha hajalalamika.

Kinachonichoma ni hiki. Mjomba alikuwa na kompyuta ya pili kwenye stoo ya Harburg, upande mwingine wa Hamburg. Kila jioni zilikuwa zinapigiana kwa ISDN, data kwa data, kulinganisha idadi ya bidhaa. Dakika moja, senti chache. Sasa inarudisha kosa 0x34D8. Namba za 0x34 zinatoka kwenye mtandao wa simu, na zinasomeka: chukua tarakimu mbili za mwisho, D8 kwa hesabu ya kawaida ni 216 (imeandikwa kwa heksadesimali), ondoa 128, unabaki na 88. Sababu namba 88 maana yake upande wa pili hauendani na simu uliyopiga. Kwa Kiswahili cha mtaani: laini mpya inabeba sauti, haibebi simu ya data ya kilobiti 64. Faksi inapita kwa sababu faksi ni sauti, ni milio. Data ya ISDN si sauti.

Nikapiga kampuni. Dada wa kwanza akasema niwashe upya ruta. Wa pili, kaka mmoja, akaniuliza kama nimejaribu Wi-Fi. Wa tatu ndiye aliyekuwa mkweli: "Simu za data za ISDN hazipiti kwenye laini hii, hazijawahi kupita." Nikamwuliza mbona fundi wenu alisema vyote vitafanya kazi. Akajibu: "Simu zinafanya kazi."

Mnaona? Muuzaji inafanya kazi, kwenye XP. Waya unafanya kazi, kwenye DSL. Laini inafanya kazi, ukiongea. Kila mmoja anathibitisha kipande chake, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mjomba anataka kufanyia nini. Mzee wa miaka 71 anaenda Harburg kwa basi na daftari kuhesabu gia boksi, kwa sababu fundi alikuwa na haraka ya kwenda nyumba inayofuata.

Watakaokuja kuniambia "mnunulie kompyuta mpya": nilishamwambia. Aliniangalia kama nimemtukania mama. Programu ina wateja wa miaka ishirini na kitu na jirani aliyeiandika ni marehemu. Kama huna lingine, pita kimya.

Leo asubuhi nimempigia. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Harburg imepona?" Nikasema bado. Akakata.

Data ya Harburg nitaihamisha kwa njia nyingine, hilo nimeshakata tamaa nalo. Limebaki moja linalonisumbua na ndilo ninaloomba msaada. Kompyuta ikiwashwa upya kutoka ndani ya Windows, kadi ya ISDN inapotea, haionekani hata kwenye orodha ya BIOS. Nikizima kabisa na kuchomoa waya wa umeme kama nusu dakika, inarudi. Nimejaribu sloti zote nne, nimebadilisha pawasaplai, nimeweka mpangilio wa BIOS wa "PnP OS" ndiyo na hapana, hali ni ileile. Madabodi ina chipu ya VIA, sijui kama inahusika. Aliyewahi kukutana na hii aseme alifanyaje, maana mjomba anafungua uwanja saa moja asubuhi na hakumbuki kuchomoa waya.